Madoa ya unyevu kwenye nyumba mpya: nitajuaje chanzo kabla ya kuanza kutibu?

Mwenye nyumba

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa ujenzi, kwani kila anayeingia nyumbani kwangu ananipa jibu lake, na hakuna majibu mawili yanayofanana.

Nyumba yangu ni ya matofali ya saruji yenye unene wa sentimita 15, imepigwa lipu ndani na nje, na jamvi lake, yaani sakafu ya zege, lilimwagwa juu ya karatasi ya nailoni. Lipu ilikamilika miezi minne iliyopita, rangi ikapakwa wiki tatu baadaye, nasi tukahamia siku chache baada ya hapo. Mwezi haukuisha kabla ya madoa kuanza kujitokeza, na sasa yapo sehemu tatu.

Chumbani, kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua, kuna madoa matano ya ukubwa wa sahani yaliyo usawa wa kifua, na mengine mawili yako juu zaidi, karibu na lenta (mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha). Kwenye korido, chini ya ukuta unaopakana na bafu, rangi imevimba kama malengelenge, na ukiigusa inadondosha unga mweupe. Sebuleni, nyuma ya kabati, sehemu pana ya ukuta imekuwa na weusi hafifu usio na ukingo unaoonekana vizuri.

Aliyenisimamia ujenzi anasema kwamba maji yanapanda kutoka ardhini, na anashauri kuta zote zipakwe dawa ya kuzuia maji kwa ndani, kisha rangi ya mafuta juu yake. Kabla sijakubali gharama hiyo, naomba kujua kama kweli madoa haya yote yanaweza kuwa na chanzo kimoja, na kama sivyo, mtu asiye fundi kama mimi aanzie wapi kukitafuta.

Mwashi mstaafu

Ndugu yangu, kwa sasa usipake kitu chochote. Dawa inayopakwa upande wa ndani haizuii maji kuingia ukutani. Inachozuia ni maji hayo kutoka. Yakishafungiwa humo, yatabandua lipu polepole, au yatatafuta upenyo mwingine na doa litaibuka mita moja pembeni, na hapo utakuwa umefuta ushahidi wote ambao leo unao bure.

Kwa jinsi ulivyoeleza, hayo si madoa ya ugonjwa mmoja. Maji ya ardhini hupanda kupitia vinyweleo vya tofali na lipu kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, na kwa kawaida huishia karibu na mita moja kutoka sakafuni. Huacha mstari uliolala sambamba na sakafu, na chumvi hujikusanya kwenye ukingo wake wa juu. Hayawezi kuiacha sehemu ya chini ya ukuta ikiwa kavu, kisha yakajitokeza usawa wa kifua yakiwa na umbo la sahani. Kwa hiyo chumba chako nakiondoa kabisa kwenye hesabu ya maji ya ardhini.

Kabla ya kumtuhumu yeyote, kumbuka pia kwamba nyumba mpya ina maji yake yenyewe. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 huchanganywa na maji lita 25 hadi 30, na mara nyingi zaidi ya hapo fundi akitaka mchanganyiko mlaini. Saruji yenyewe hushika karibu robo ya uzito wake, yaani lita 12 hivi, ambazo hugeuka kuwa sehemu ya jiwe. Yote yaliyobaki lazima yatoke kwa kukauka, na hapo sijahesabu mvua iliyonyesha juu ya kuta kabla hujapaua. Zidisha kwa idadi ya mifuko uliyotumia, utaona kwamba umehamia kwenye nyumba iliyobeba maelfu ya lita. Wazee wetu wa kazi walikuwa wakihesabu mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene wa ukuta. Ukuta wako wenye tofali la sentimita 15 na lipu pande mbili unafika sentimita 18, hivyo kwa hesabu hiyo unahitaji miezi saba, nawe uliupaka rangi baada ya wiki tatu. Sikulaumu, maana kila mtu ana hamu ya kuhamia kwake, lakini haraka hiyo nimeiona ikiharibu rangi nyingi nzuri.

Sasa nikuulize jambo moja kuhusu madoa ya chumbani. Chukua futi kamba, upime umbali kutoka katikati ya doa moja hadi katikati ya linalofuata. Iwapo umbali unalingana, na yote matano yapo kwenye kozi moja, yaani mstari mmoja wa matofali, basi nina karibu uhakika kwamba ni matundu ya mirunda, ile miti ya jukwaa la kujengea. Tunapojenga kwa jukwaa la miti, ncha ya mrunda hupenya ukutani, na jukwaa linapovunjwa hubaki tundu ambalo linapaswa kujazwa na kushindiliwa hadi ndani. Saa hiyo jua limezama, watu wamechoka, na kijana wa mwisho kwenye jukwaa huweka kiraka cha mchanganyiko upande wa nje na kingine upande wa ndani, katikati kukabaki uwazi. Lipu inafunika yote. Mvua ikija na upepo, maji hupita kwenye mpasuko unaozunguka kiraka, hukusanyika katika uwazi huo, kisha hujitokeza ndani siku moja au mbili baadaye. Gonga doa kwa fundo la kidole, kisha gonga sentimita 30 pembeni, ulinganishe sauti.

Wakati huohuo chukua penseli, uzungushie kila doa mstari kwenye ukingo wake na uandike tarehe kando ya mstari huo. Rudia kila baada ya siku tatu au nne, na uwe na daftari unaloandikia siku za mvua, upepo ulitoka upande gani, na siku ambazo bafu lilitumika sana. Doa lina mahali, lina umbo na lina saa zake. Mahali na umbo umeshatueleza. Saa zake bado.

Fundi bomba

Naunga mkono ushauri wa mzee kuhusu chumba, nami nitaongelea korido peke yake, kwa kuwa ukuta unaopakana na bafu ni eneo langu la kazi.

Hapo kuna watuhumiwa watatu: bomba linaloleta maji safi, bomba linaloondoa maji machafu, na sakafu au ukuta wa bafu wenyewe. Usivunje kigae hata kimoja kabla hujawatenganisha. Anza na maji safi kwa sababu kipimo chake ni rahisi. Usiku, watu wote wakishalala, funga koki zote, hakikisha tangi la choo limejaa na halivujishi kuelekea kwenye bakuli, kisha soma mita na uandike namba zote hadi ile ya mwisho. Asubuhi, kabla mtu hajafungua koki, isome tena. Mita ikiwa imesogea, kuna uvujaji upande wenye msukumo, na uvujaji wa aina hiyo haupumziki: doa lake halikauki hata wiki nzima isiyo na mvua.

Mita ikiwa haijasogea, nenda kwenye sakafu. Acha kuoga humo kwa siku nne au tano, uone kama doa linafifia. Kisha ziba tundu la kutolea maji kwa kitambaa ulichokizungushia nailoni, na mimina maji hadi yafike kina cha sentimita mbili yakiwa bado hayajafika mlangoni. Weka alama ya penseli kwenye kigae usawa wa maji na subiri saa 24. Kupungua kwa milimita moja au mbili ni maji kuwa mvuke tu. Yakipungua zaidi ya hapo, au doa la korido likikolea, sakafu inapitisha. Watu wengi huamini kwamba vigae na grauti, ule mchanganyiko unaojaza nafasi kati ya vigae, vinazuia maji, lakini grauti ya kawaida hupitisha maji, na kazi ya kuyazuia hufanywa na tabaka lililo chini ya vigae, ambalo halionekani na ndiyo maana huachwa.

Maji yakitulia siku nzima bila kushuka, sakafu haina kosa. Zibua tundu, na safari hii mimina maji moja kwa moja ndani yake, ndoo baada ya ndoo, ukijitahidi yasimwagike pembeni. Ukitia rangi ya chakula kwenye maji hayo ni vizuri zaidi, ingawa rangi si lazima ionekane ukutani, kwani lipu inaweza kuichuja. Doa likiitikia kipimo hiki baada ya kuwa halikuitikia kile cha sakafu, kosa liko kwenye bomba la maji machafu.

Mkaguzi wa majengo

Naomba kutofautiana kidogo na waliotangulia. Si vyema kuliondoa suala la unyevu wa ardhini haraka hivyo kwa upande wa korido, kwani doa la chini lenye unga mweupe ni dalili yake pia. Toka nje, upime urefu kutoka usawa wa ardhi hadi tabaka la kuzuia unyevu lililo juu ya msingi, lile ambalo mafundi huliita DPC. Urefu huo usipungue sentimita 15. Nimekagua nyumba ambazo tabaka hilo lilikuwepo na lilikuwa zima, lakini baadaye mwenye nyumba akasawazisha uwanja kwa kifusi, au lipu ya nje ikashushwa hadi kugusa udongo, na maji yakapata daraja la kulipita. Ukikuta hali hiyo, dawa yake ni sepetu: udongo urudishwe chini.

Kuhusu unga mweupe, hiyo ni chumvi. Maji yakipita kwenye tofali na saruji huiyeyusha, na yanapogeuka mvuke usoni mwa ukuta huiacha hapo. Uwepo wake unakuambia kwamba maji yalipita, lakini haukuambii yalitoka wapi. Kuna hali moja ambayo chumvi huwa ni chanzo yenyewe: lipu ikichanganywa kwa mchanga wa pwani usiosafishwa, chumvi ya kawaida iliyomo huanza kuvuta unyevu wa hewa na kuyeyuka pale unyevu huo unapofika karibu asilimia 75. Madoa ya namna hiyo hukolea siku za mawingu zisizo na mvua, hufifia jua likiwaka, na hakuna bomba wala paa litakaloonekana na kosa hata ukivunja nyumba nzima. Ulizia mchanga wako ulitoka wapi. Na fundi akija na kile kifaa chenye sindano mbili na kukuonyesha namba kubwa, kumbuka kwamba kifaa hicho hupima jinsi umeme unavyopita, na chumvi hupitisha umeme vizuri. Kinafaa kufuatilia ukingo wa doa, hakifai kutoa hukumu.

Sebuleni fanya hivi. Sogeza kabati mbali na ukuta, acha siku mbili, kisha chukua karatasi ya nailoni inayoonyesha, yenye upana wa nusu mita kila upande, uibandike juu ya doa kwa gundi ya utepe pande zote nne bila kuacha upenyo. Iangalie baada ya siku moja. Matone yakiwa upande unaotazama chumba, ni mvuke wa hewa ya ndani unaogeuka maji kwenye ukuta uliopoa, na tatizo ni hewa kutozunguka. Yakiwa upande unaotazama ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta.

Mwenye nyumba

Mzee wangu, shikamoo, nanyi wengine nawashukuru kwa dhati. Imepita wiki tatu, na nilitaka kurudi nikiwa na majibu, si shukrani tupu.

Chumbani, umbali kati ya madoa ni sentimita 178, 181, 180 na 179, na yote matano yako kwenye kozi moja. Nilipogonga, katikati ya kila doa palitoa sauti ya mtungi mtupu. Baada ya mvua ya upepo madoa yalijitokeza siku iliyofuata na kufifia ndani ya siku sita. Tulifungua moja kwa nje, na nyuma ya kiraka chembamba tukakuta karatasi ya mfuko wa saruji iliyokunjwakunjwa na kusukumizwa ndani, ikiwa imelowa kiasi kwamba niliikamua maji kwa mkono. Yale mawili ya juu hayafuati mpangilio huo, ila kwa nje, mahali lenta inapokutana na matofali, nimeona ufa mwembamba kama unywele unaokwenda sambamba na lenta.

Kwenye korido mita haikusogea usiku mzima. Kwa nje, kutoka ardhini hadi juu ya msingi ni sentimita 30, na hakuna kilichopandishwa. Maji ya bafuni yalikaa saa 24 na kushuka milimita moja tu. Siku iliyofuata nilimimina ndoo kumi ndani ya tundu, na kufikia asubuhi doa lilikuwa limepanda sentimita nne juu ya mstari wangu wa penseli. Sijaelewa bado jinsi maji machafu yanayotoka chini ya jamvi yanavyoweza kupanda ukutani ikiwa nailoni na DPC vipo.

Sebuleni matone yalikuwa upande wa ukuta. Ukuta huo ni wa ndani, hauna bomba na mvua haiufikii. Lakini tangu nisogeze kabati, doa limerudi nyuma ya mstari wa kwanza kwa upana wa kiganja.

Fundi bomba

Hongera kwa uvumilivu huo. Kuhusu swali lako, bomba lako la maji machafu halivujii chini ya nailoni. Kiungio chake, kwa kawaida ile kona ya kwanza chini ya tundu, kiko ndani ya unene wa jamvi, yaani juu ya nailoni. Karatasi iliyowekwa ili maji ya ardhini yasipande sasa imekuwa beseni linalozuia maji ya bafu yasishuke. Yanatambaa juu yake hadi yanapokutana na ukuta, na kwa kuwa yapo upande wa juu wa DPC, hakuna kinachoyazuia kupanda kwenye lipu. Vigae vya kufunguliwa ni vile vinavyozunguka tundu tu. Nitashangaa usipokuta kona iliyosukumwa nusu au iliyounganishwa bila gundi. Ikishatengenezwa, rudia ndoo kumi kabla ya kufukia, na hakikisha tabaka la kuzuia maji linarudishwa hadi kwenye shingo ya tundu.

Mwashi mstaafu

Marahaba, mwanangu. Umefanya kazi ambayo mafundi wengi hatuifanyi.

Matundu ya mirunda yatengenezwe kutoka nje. Toa kila kilichomo hadi ufike kwenye lipu ya ndani, safisha vumbi, lowesha kuta za tundu, kisha jaza mchanganyiko mkavukavu wa saruji moja kwa mchanga tatu, tabaka kwa tabaka, ukishindilia kila tabaka kwa ncha ya mti. Mchanganyiko mlaini husinyaa na kufungua mpasuko uleule. Umwagilie kwa siku saba. Fungua matano yote yaliyojitokeza, halafu pima sentimita 180 kuelekea pande zote mbili za ukuta, kwa sababu jukwaa halikuwa na miguu mitano tu.

Ule ufa chini ya lenta unatokana na zege na tofali kutanuka na kusinyaa kwa viwango tofauti, na lipu iliyo juu yao ndiyo inayochanika. Kwanza thibitisha: siku kavu, mwagilia ukuta wa nje kwa mpira kuanzia chini, dakika 15 kwa kila usawa, ukipanda polepole huku mtu akiangalia ndani. Ukianzia juu, maji yatachuruzika hadi chini na hutajua yaliingilia wapi. Doa likijitokeza ulipofika kwenye ufa, ondoa lipu kwa upana wa sentimita 15 juu na 15 chini yake, pigilia waya wa wavu ukivuka kiungo hicho, kisha piga lipu upya.

Kwenye korido, bomba likishapona, bandua lipu hadi sentimita 30 kupita mwisho wa doa. Chumvi iondoe kwa brashi kavu; ukiiosha kwa maji inayeyuka na kurudi ukutani. Acha tofali wazi wiki kadhaa, na kila unga ukitokea uufagie, hadi utakapoacha kutoka. Ndipo upige lipu, na ikikauka upake rangi ya maji inayoruhusu ukuta kupumua, si ya mafuta.

Sebuleni usiguse. Hayo ni maji ya ujenzi yaliyokuwa yamezibiwa njia na kabati. Liache mbali na ukuta, fungua madirisha mchana, na endelea kuchora mstari wa penseli kila wiki hadi pasiwe na doa la kuzungushia.